Goti la Mama na Barafu ya Samaki

Mimi nina ugomvi na barafu. Wenzangu wananiona kichekesho. Harusini, soda zikiletwa zimezama kwenye beseni la barafu, mimi naomba ya moto, na kila mara yuko mtu wa kuniuliza kama jino linaniuma. Nasema ndiyo, jino. Sababu yenyewe haifai kuelezwa mahali watu wanapocheza muziki, kwa hiyo naiandika hapa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko huria limeshaingia Mwanza na viwanda vya minofu vinaota kando ya ziwa kama uyoga. Pamba ilikuwa imeyumba na vyama vya ushirika vinakata roho. Baba, aliyekuwa fundi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, alipunguzwa kazi, akaenda machimboni Geita kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, na sisi tukakaa muda mrefu bila kumpata yeye. Mama ndiye aliyeingia kiwandani, kibarua. Kazi yake ilikuwa kusimama mezani na kisu, kusafisha minofu ya sangara, kutoa mafuta na miiba, kutwa nzima miguu ndani ya gambuti juu ya sakafu isiyokauka.

Nyumba yetu ilikuwa juu, katikati ya mawe, upande wa Ilemela. Ukisimama mlangoni uliliona paa la kiwanda na malori yakitoka kuelekea uwanja wa ndege, yanadondosha maji njia nzima. Yalikuwa maji ya barafu. Samaki wa ziwa letu walisafiri kwenda Ulaya wamelazwa juu ya barafu na kufunikwa barafu, kama wagonjwa wa daraja la kwanza. Sisi tuliuziwa mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, na tulitakiwa tushukuru. Wapo walioshukuru. Mimi sikuwamo.

Alhamisi moja mama aliteleza. Alikanyaga ngozi ya samaki iliyoachwa sakafuni, mguu mmoja ukaenda mbele, mwingine ukabaki nyuma, na goti la huo uliobaki likapinda upande ambao goti halipindi. Wenzake wawili walimpandisha mlimani wamemshika makwapani, na alipofika nyumbani goti lilikuwa limeshaanza kuumuka. Wakati anatolewa mezani, msimamizi alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, apumzike mpaka Jumatatu. Jumatatu asubuhi akiweza kusimama, mahali pake papo. Asipoweza, getini watu hawakosekani. Upole ule ndio ulioniudhi kuliko matusi, kwa sababu mtu akikutukana unajua walau anakuona. Na alichosema kuhusu getini kilikuwa kweli. Kila alfajiri pale palijaa akina mama waliojifunga khanga, wanangoja mmoja augue au aachishwe ili waitwe wao.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka mama zahanati, kwenye baiskeli ya kukodi, mimi nasukuma na yeye anashikilia mabega yangu. Nesi alilibonyeza goti, akalikunja kidogo, mama akauma meno. Akasema hakuna kilichovunjika, ni mishipa iliyovutika. Auinue mguu, asiukanyage bila sababu, na kwa siku mbili hizi uwekewe kitu cha baridi sana, mara kwa mara. Maji ya moto marufuku, yatazidisha uvimbe. Barafu ndiyo dawa, akasema. Nilimwuliza nitaipata wapi. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu wa ziwani anayeuliza maji yako wapi, akasema si mama yako anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki?

Maneno yake niliyaona ya haki. Nilimrudisha mama nyumbani, nikachukua ndoo, nikateremka hadi getini. Nilimwamkia mlinzi vizuri, nikamweleza kwamba mama yangu ameumia humo ndani, ndani ya ukuta anaoulinda yeye, na kwamba nesi amesema barafu. Sihitaji hata ndoo ijae.

"Barafu ni ya samaki, dada," alisema.

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alinieleza kwamba chochote kinachotoka bila kibali ni wizi, na kwamba aliyekuwa zamu kabla yake alifukuzwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nikamwonyesha mtaro uliopita chini ya uzio. Barafu iliyokwisha kutumika ilikuwa ikitupwa mle, malundo kwa malundo, inayeyuka na kwenda zake ziwani. Nikasema basi nichote ile, ile si inatupwa. Akasema ile ni uchafu, na amri ni kwamba uchafu wa kiwanda hauchukuliwi na mtu. Nilisimama pale na ndoo yangu, naitazama inayeyuka. Sikulia. Nilitukana, kwa sauti, na nilichosema mama angekisikia angenizaba kofi, goti au bila goti. Wahenga wanasema hasira hasara. Naona wahenga hao hawakuwahi kunyimwa kitu kinachomwagwa mtaroni.

Nilipopanda kurudi nyumbani nilikuta moshi jikoni. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amepata habari kwa mdomo wa makondakta, akapanda gari kutoka Magu, akashukia stendi ya Buzuruga na kuja moja kwa moja. Kuku wake alikuwa amefungwa miguu chini ya meza. Shangazi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda mbele ya mama, na kati yao sufuria inafuka mvuke, imejaa maji na majani ambayo sikuyajua. Alikuwa anachovya kitambaa, anakikamua, anakibandika kwenye goti na kulisugua. Mama alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka. Goti lilikuwa limekuwa kubwa mara mbili ya asubuhi na ngozi yake inang'aa.

Kwetu mwili ulioumia hukandwa. Mzazi hukandwa, aliyeteguka hukandwa, aliyetoka safari ndefu hukandwa, na mwenye kukanda ni mtu mzima wa ukoo, haambiwi acha. Mama alijua maneno ya nesi kama nilivyoyajua mimi. Lakini yule ni wifi yake, ametoka Magu kwa ajili yake na kuku juu, na mama yangu ni mtu wa kufa kuliko kumwambia wifi yake kwamba anakosea. Hata hilo lilinikasirisha. Nilikuwa nimekasirikia dunia nzima siku hiyo, na mama alipewa fungu lake.

Nilipiga goti, nikasema shikamoo shangazi, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Halafu nikainuka na ile sufuria, nikaitoa nje na kuimwaga kwenye mawe.

Nilidhani atanipiga. Alikikamua kwanza kitambaa kilichokuwa bado kinamdondoka mkononi.

"Mwili wa mtu siyo samaki," alisema. "Baridi ikishaingia kwenye mfupa, haitoki mpaka unazikwa nayo. Lakini mtoto wa kaka yangu amesoma, basi."

Nikamjibu kwamba kama nesi ni mwongo tutajua, na kama nesi ni mkweli, sufuria ile moja imetugharimu siku. Sikusema kwa heshima. Mama alifumbua macho akaniambia nitoke nje, na nikatoka, kwa sababu hata hivyo nilikuwa na kazi ya kufanya.

Jirani yetu wa nyumba ya chini alikuwa na friza, na kwa friza hiyo aliuza barafu. Nasema zile barafu za kunyonya, za ukwaju, za ubuyu na za maziwa, zinazofungwa kwenye vifuko virefu vyembamba vya nailoni. Nilimwomba bakuli la maji yaliyoganda, akanipa bila maneno. Niliyavunja kwa mchi, nikayafunga kwenye taulo, nikayapeleka kwenye goti. Ilikuwa bure. Mabonge yale yalikaa juu ya goti kama kofia ya mtu mwingine, yanagusa hapa na hapa tu, yanateleza, na baada ya muda mfupi godoro lilikuwa limelowa na barafu haipo. Shangazi aliangalia godoro, akaniangalia mimi, akaanza kulikausha kwa kitambaa chake. Afadhali angenisema.

Nilihitaji kitu cha baridi kinachokunjika, kinacholizunguka goti na kukaa, na ambacho kikishapata joto kinarudi kwenye friza badala ya kwisha. Na nilikaa kwenye ngazi ya jirani kama mjinga mpaka nikakumbuka kwamba nimeshakishika kitu hicho mikononi mara nyingi. Mara kwa mara nilimsaidia yule mama jirani kufunga barafu zake. Siri ya barafu zake, iliyofanya watu wapite wauzaji wengine na kuja kwake, ilikuwa uji. Alipika uji mwepesi wa unga wa muhogo na kuuchanganya kwenye juisi, ndiyo maana barafu zake zilikuwa laini, jino linaingia. Wengine waliuza mawe. Na kuna siku alikosea, akatia chumvi akidhani ni sukari, na kesho yake vile vifuko vilikuwa bado vinapinda kama minyoo. Alivitupa vyote huku akijilaani.

Nikapika uji wa muhogo. Niliupika mzito kuliko wake, unaovutika, na nikautia chumvi nyingi mpaka ukionja unakunja uso. Niliuacha ukapoa. Halafu nikaumimina kwa faneli kwenye vifuko vya barafu, kifuko ndani ya kifuko ili kikipasuka kimoja kibaki kingine, nikakamua hewa, nikapiga fundo na juu yake fundo la pili. Sikuvijaza sana, maana kifuko kilichojaa kinakuwa kigumu. Nikachana khanga ya zamani, nikaikunja mara mbili na kuishona mistari, kila mistari miwili ikawa mfuko mwembamba wa kutosha kifuko kimoja. Ukivitia vyote, khanga ilizunguka goti kama bandeji, na kila kifuko kilijilaza chenyewe mahali pake. Nilitengeneza seti mbili, moja ikiwa kwenye goti nyingine iwe kwenye friza. Jirani aliviweka pembeni mwa barafu zake, chini kabisa.

Na hapo ndipo tulipofanya kosa, maana uji wa muhogo ni mweupe. Jumamosi asubuhi kondakta mmoja wa magari ya Buzuruga, mteja wa siku zote, alikuja kudai barafu ya maziwa. Aliyekuwa anauza alichomoa ya chini, kwa sababu ya chini ndiyo iliyoganda zaidi. Kondakta aling'ata kona ya kifuko, kama inavyong'atwa, akavuta. Nilikuwa nateremka kuchukua seti yangu na nilimkuta amesimama katikati ya njia, ametema, anauliza kwa sauti ya stendi kama siku hizi watu wanauziwa bahari. Jirani alimpa mbili za ukwaju ili anyamaze. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia nitafute namna ya kuvitofautisha la sivyo niende na uji wangu.

Nilirudia upishi, safari hii nikatia bluu ya kufulia. Uji wa bluu hakuna anayeung'ata. Shangazi alipoona natoka na vile vifuko alicheka mara ya kwanza tangu afike, akasema sasa tumeanza kumtibu mgonjwa kwa maji ya kufulia mashati.

Lakini vilifanya kazi. Nilitandika kitambaa kikavu kwenye ngozi kwanza, maana chumvi inafanya baridi iwe kali na inaweza kuunguza, halafu nikazungushia khanga. Baridi ilikaa. Goti likipata ganzi nilivitoa, nikauacha mguu upumzike juu ya mito, nikashuka kubadilisha seti, nikapanda. Nilishuka na kupanda mlima ule Jumamosi yote mpaka mapaja yakatetemeka. Alasiri umeme ukakatika, mgao kama kawaida, na jirani akaifunika friza yake kwa magunia na blanketi na kutangaza kwamba mkono wa mtu usiguse. Mali yake yote ilikuwa mle, inayeyuka. Nilisimama mlangoni pake, nikamwambia tu kwamba ni goti la mama, na Jumatatu inakuja. Aliniangalia, akafunua blanketi pembe moja, akaingiza mkono mwenyewe haraka, akanitolea seti, akafunika. Sijasahau. Nina hasira nyingi katika habari hii lakini kwa yule mama sina hata punje.

Jumapili baada ya ibada shangazi alikaa kwenye kigoda chake, akalikagua goti. Ngozi ilikuwa imeacha kung'aa. Ilikuwa imekunjamana kidogo pembeni, dalili kwamba uvimbe umepungua, na umbo la mfupa lilianza kuonekana. Alichukua ile khanga mkononi mwangu, akatandika kitambaa kikavu, akaizungusha yeye, vizuri kuliko mimi, mkono wa mtu aliyekanda watu maisha yake yote. Jioni nilimsikia anamwambia mgeni wa kanisani kwamba wifi yake ameanza kupona tangu Ijumaa, alipomkanda.

Jumatatu mama aliamka gizani na kujifunga goti kwa kitambaa chembamba, ndani ya sketi, kisionekane. Tuliteremka pole pole, mimi nimemshika mpaka kona ya mwisho. Pale akaniambia nimwachie. Alitembea mwenyewe mbele ya watu wote mpaka getini, hakuchechemea, na mimi niliyejua gharama ya kila hatua nilitamani kuuvunja ule ukuta kwa mikono.

Msimamizi alikuja. Alimsalimia mama kwa upole wake uleule, akamwambia achuchumae, asimame. Mbele ya watu. Mama yangu, mwanamke mwenye watoto wakubwa, alichuchumaa na kusimama, mara moja, na akaambiwa tena, akarudia tena. Uso wake ulikuwa mkavu. Nilijua kwamba akitoa sauti yoyote mambo yamekwisha. Hakutoa. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, geti likafunguliwa, mama akaingia.

Ningepaswa kufurahi. Labda nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Halafu kwenye geti lilelile akatoka mwanamke, kijana kama mimi, ameshika gambuti ambazo mlinzi alizipokea mkononi mwake na kuzirudisha ndani. Ndiye aliyekuwa ameitwa Ijumaa kushika mahali pa mama. Kazi yake ilikuwa imekwisha dakika ile mama alipochuchumaa mara ya pili na kuinuka.

Alisimama karibu nami. Nilitegemea aniangalie vibaya, na ningeona ni haki. Badala yake aliniuliza kama mimi ndiye mtoto wa yule mama wa goti, maana mezani walikuwa wamezungumza habari za barafu ya bluu, walizozisikia kwa majirani zetu. Akafunua khanga na kunionyesha mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kimevimba mpaka kwenye vidole. Kisu, alisema, hakuwa amekizoea, na mezani wanataka kasi. Akauliza dawa ile inatengenezwaje.

Nikamweleza uji, chumvi, vifuko viwili viwili, mafundo mawili. Alisikiliza kwa makini, anarudia kimoyomoyo. Nilipofika kwenye friza aliinamisha macho, akasema kwao hata nguzo ya umeme haijafika. Nikamwambia twende kwetu, ipo seti imeganda. Akasema hawezi kutoka pale, saa nne wakati mwingine wanaongeza watu.

Basi nilipanda mlima. Nilipanda karibu nikikimbia, natukana njia nzima, na sikujua tena namtukana nani, kwa sababu safari hii hapakuwa na mlinzi wa kumkasirikia wala shangazi wala mtu yeyote wa karibu. Nilichukua seti ya mama kwa jirani, nikateremka nayo inanichoma kifuani kwa baridi. Yule mwanamke alikuwa bado amesimama. Nikamshika mkono nianze kuufunga, akauvuta.

"Usinifunge, dada," alisema. "Wakiniona nimefungwa kitu hawaniiti."

Alichukua vifuko viwili tu, akavitia chini ya khanga, akavibana kwenye kifundo kwa mkono wake wa kushoto. Kisha akajipenyeza katikati ya wenzake mpaka mstari wa mbele, mahali ambapo msimamizi akitoka angemwona.